Mgomba wa Maabara Kudumaa Si Dalili ya Jeni ya Kigeni

Wakulima wa bonde la Sabaki na wa Mpeketoni wanaouliza kabla ya kununua miche ya migomba ya maabara wanafanya vyema. Ila mche mmoja ukidumaa, husemwa upesi kwamba "umetiwa jeni." Haukutiwa. Ni kipande cha ncha ya chipukizi kilichooteshwa ndani ya chupa safi. Anayeingiza shambani kiumbe kilichobadilishwa jeni bila kibali anavunja Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya Kenya ya 2009: faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Tatizo liko kwingine: kwenye namna jeni za mgomba wenyewe zinavyofunguliwa na kufungwa. Mgomba wa Cavendish, aina ya ndizi inayopandwa sana, una kromosomu 33, yaani nyuzi zinazobeba jeni. DNA yake, uzi wenye maelezo ya urithi, imezungushwa kwenye vibiringo vya protini ziitwazo histoni, nane kwa kila kibiringo, na kila kimoja hubeba takriban herufi 147. Histoni zina mikia. Mkia hubandikwa alama za kikemikali: ukitiwa alama ya asetili, uzi hulegea na jeni husomeka. Histoni iitwayo H3 ikitiwa alama ya methili kwenye nafasi ya 9 ya mkia wake, uzi hukazwa na jeni hulala. Huko kwenye kukazwa ndiko mmea unakofungia jeni rukaji, yaani vipande vya DNA vinavyoweza kuhama kutoka mahali hadi mahali, zile alizozigundua mwanasayansi Barbara McClintock kwenye mahindi na kutunukiwa Nobeli mwaka 1983.

Ndani ya chupa, homoni za kuchipusha na kukatwakatwa mara kwa mara huvuruga alama hizo. Kwenye michikichi ya maabara, watafiti walionyesha mwaka 2015 kwamba jeni rukaji iitwayo Karma ikipoteza methili ya DNA, tunda huharibika na mafuta hupungua. Kwa migomba, wakati mwingine hata idadi ya kromosomu huyumba. Ndiyo maana maabara makini haikati na kuotesha upya kundi moja la miche zaidi ya mizunguko 8 hadi 10. Muulize muuzaji idadi hiyo. Ni haki yako.

Kitaluni, kataa mche wenye mabaka meupe, majani membamba kama upanga, au vikonyo vifupi vilivyosongamana. 

Ulioharibika ukiwa tayari ardhini, usiung'oe kwanza. Piga picha mche mzima na shina, andika tarehe ya kupanda na namba ya kundi, kisha peleka pamoja na risiti kwa afisa wa kilimo wa wadi. Tafadhali tuelewane: bila risiti na namba ya kundi, hakuna wa kumfuatilia. Angalia pia migomba jirani: udumavu ukihamia kwao, huo ni ugonjwa, toa taarifa siku hiyohiyo. Ukibaki kwenye mmoja, mbolea haitauponya. Wala usichukue machipukizi yake, maana kasoro hiyo hunakiliwa kila seli inapogawanyika.