Mafuta ya ganda la korosho: kwenye vidole na kwenye breki

Msimu wa korosho ukianza Oktoba, maswali haya husikika Newala, Tandahimba hadi Nachingwea.

Kwa nini vidole vinababuka nikibangua?

Pasua ganda bichi ulitazame: kati ya gamba la nje na la ndani kuna vitundu kama sega la nyuki, vimejaa mafuta mazito ya kahawia. Sehemu kubwa ni asidi ya anakadiki, na mna pia kemikali nyingine iitwayo kadoli. Hayo ndiyo yanayoiunguza ngozi ikawa nyeusi, ikatoka malengelenge, kisha ikabambuka. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, kwa hiyo anayewashwa midomo na utomvu wa embe ajihadhari zaidi.

Mtu mwenye mzio wa korosho, ni mafuta hayo hayo?

Hapana. Huyo mwili wake unakataa protini ya kiini.

Nasikia viwandani ni mali. Wanayafanyia nini?

Maganda hukamuliwa kwa mashine. Mafuta yakipashwa moto mkali, asidi ile hutoa hewa ya ukaa, inabaki kadanoli. Kadanoli ikichanganywa na kemikali iitwayo fomaldehaidi huganda ikawa ngumu, haiyeyuki tena. Husagwa unga unaotiwa kwenye breki, maana huhimili joto la msuguano. Nyingine huingia kwenye vanishi na rangi za kuzuia kutu. Bodaboda anayeteremka kutoka Newala kwenda Masasi huenda anakanyaga ganda la korosho bila kujua!

Bibi alitupakaza majivu. Yanafaa?

Yanafaa, kwa sababu hunyonya mafuta. Hata mafuta ya nazi, ukijipaka kabla ya kazi. Glavu ni bora, ila ikitoboka itupe. Mafuta ya ganda yakipenya humo hubanwa na ngozi kutwa nzima, heri mkono mtupu. Yakishakugusa, maji matupu hayayatoi: pangusa kwa mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni. Malengelenge usiyatoboe. Mafuta ya ganda yakiingia jichoni, mwagia maji safi kwa dakika 15 au zaidi, halafu nenda kituo cha afya.

Maganda niyafanye kuni?

Jikoni ndani, usithubutu. Waliokaanga korosho zenye maganda kwa debe lililokatwa wanajua: zinashika moto zenyewe, moshi mweusi unafumka, unazimwaga mchangani huku machozi yanakutoka. Moshi huo unawasha macho na kifua. Kaangia uwanjani, simama upande upepo unakotokea, na watoto wakae mbali mpaka zipoe.