Afasia: anaitika salamu, kisha neno linagoma

Tuseme kijana wa miaka 29, nahodha wa mashua ya watalii, amekaa barazani kwao Langoni, Lamu. Mpe "Asalaam aleikum", ataitika "Waleikum salaam" bila kukwama. Sasa muulize anataka nini. Anaitazama jagi ya maji, midomo inacheza, linatoka "chumvi". Anajua silo. Anajipiga paja kwa hasira, anajaribu tena: "chumvi".

Hiyo ndiyo afasia: kupotewa na uwezo wa kutumia lugha kwa sababu sehemu ya ubongo imeumia, mara nyingi kwa kiharusi. Kwa watu wengi lugha imekaa upande wa kushoto wa ubongo. Mshipa ukiziba au kupasuka huko, maneno huponyoka, na mara nyingi mkono na mguu wa kulia hulegea. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyejibu karibu kila swali kwa "tan". Wengine husema mfululizo lakini hawaelewi wanachoambiwa. Kusoma na kuandika pia huguswa, kwa hiyo "basi na aandike" si dawa.

Salamu, kuhesabu moja hadi kumi, sura fupi alizohifadhi chuoni: hivi mara nyingi hubaki, maana hutoka kwa mazoea, bila neno kutafutwa. Na hapo ndipo kijana anapodhulumiwa. Watasema anajifanya, au ana shetani. Nani atawaza kiharusi kwa umri ule? Kumbe vijana nao hupata: kwa seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao pwani twaujua sana, kwa vali mbovu za moyo, kwa presha isiyopimwa. Usemi ukipotea ghafla ni dharura; usingoje asubuhi ndipo utafute boti.

Mzee akikosa maneno, wajukuu watamsemea. Huyu bado ana bei za kupatana na wageni, posa pengine, na namba ya siri ya M-Pesa iliyomtoka. Mama akimjibia kila kitu kwa huruma, anazidi kunyamaza. Wataalamu wa tiba ya usemi ni haba, lakini nyumbani kuna la kufanya: zima redio, sema kwa ufupi, uliza la kujibiwa ndiyo au hapana, weka picha kwenye simu. Kisha subiri, hesabu kumi kimoyomoyo kabla hujamtilia neno mdomoni. Nafuu huja kwa kasi miezi ya mwanzo, ila maneno huweza kuendelea kurudi hata baada ya miaka.

Akionyesha jagi, mmiminie, umtajie taratibu: maji.