Mbolea ya minyoo ni nini?

Ukitaja minyoo, wengi huwaza wale wa tumboni. Wanaotengeneza mbolea hii ni nyungunyungu, tena si wale wanene wanaochimba chini shambani, bali wadogo wekundu wanaoishi juujuu kwenye samadi na majani yanayooza. Wanaofugwa zaidi duniani ni Eisenia fetida. Wao hula taka zilizoanza kuoza, na kinyesi chao ndicho mbolea yenyewe: chembechembe nyeusi, laini, zenye harufu ya udongo ulionyeshewa.

Mboji ya kawaida hupikwa na joto lake, nyuzi 55 hadi 65. Ya minyoo haitaki joto. Minyoo hustawi kati ya nyuzi 15 na 25, na kitalu, yaani mahali wanapofugwa, kikipita 35 wanakufa au wanahama. Ndiyo maana taka mbichi haziwekwi moja kwa moja. Kwenye kihamba cha Kilimanjaro, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, kwa mfano, malighafi ipo tayari: migomba iliyokatwa, maganda ya kahawa, samadi ya ng'ombe wa zizini. Katakata vipande vifupi, changanya, lundika wiki mbili na ugeuze mara mbili tatu. Ukichomeka mkono ndani ukaona pamepoa, basi. Hatua hii pia huua sehemu ya mbegu za magugu, kazi ambayo minyoo hawaifanyi.

Kitalu cha mita 1 kwa 2 kinatosha kuanzia: kivulini, sakafu yenye mteremko kidogo, kina cha sentimita 30 hadi 40. Tia kilo 2 za minyoo, yaani kilo moja kwa kila mita ya mraba. Walishe tabaka la sentimita 5, na usiongeze mpaka la awali liishe. Unyevu pima kwa mkono: kamua konzi moja, yakidondoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, umezidisha.

Kosa kubwa ni maji mengi. Hewa hukosekana, kitalu hunuka yai bovu, na asubuhi unakuta minyoo wamepanda ukutani. Ongeza majani makavu, pindua taratibu. Samadi yenye mkojo mwingi huwaua kwa amonia. Na ya ng'ombe aliyetoka kupewa dawa ya minyoo iweke kando kwa wiki kadhaa. Dawa haichagui mnyoo wa tumboni na wa kitaluni. Kuku wazuie kwa wavu. Siafu ni balaa zaidi: kama kitalu ni sanduku, simamisha miguu yake ndani ya makopo ya maji.

Baada ya miezi miwili au mitatu, acha kulisha upande mmoja. Ndani ya wiki mbili wengi watahamia penye chakula. Unapochekecha, angalia vifuko vya manjano vyenye umbo la limau, vidogo kama punje ya mtama. Humo mna mayai, virudishe.

Wauzaji wengine huisifia kama mbadala wa yurea, mbolea ya viwandani. Si kweli. Nitrojeni yake huwa kama asilimia 1.5 hadi 2, hivyo kilo 100 zinabeba kilo 1.5 hadi 2 tu, ilhali mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23. Thamani yake iko kwenye udongo: chembe zilizogandishwa na ute hushika maji bila kuziba hewa, nao udongo hupata vijidudu wengi wanaovunjavunja masalia. Udongo uliochoka, unaoganda ukikauka, ndio unaofaidika zaidi. Weka konzi mbili kwa kila shimo la kupandia. Kwenye miche, sehemu moja kwa sehemu nne za udongo. Kuzidisha huleta chumvi, na miche michanga huungua ncha.

Maji yanayovuja chini ya kitalu si mbolea iliyoiva. Yachanganye na maji mara kumi, umwagie shinani, na usiyapeleke kwenye mboga zinazoliwa mbichi.