Katuni ya vipande: dhana potofu na ukweli wake

Katika katuni ya vipande mhusika huundwa kwa vipande tofauti, kama kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu, na vipande hivyo husogezwa kidogo kidogo kutoka picha moja hadi nyingine.

Dhana: kila fremu, yaani kila picha moja ya filamu, lazima ichorwe upya.

Wengi huacha kabla ya kuanza kwa sababu ya hesabu hii: fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo michoro 1,440 kwa dakika. Lakini hata studio zilizochora kwa mkono mara nyingi zilishikilia mchoro mmoja kwa fremu mbili, na michoro 12 ikatosha sekunde nzima. Tena mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd aliomba hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya kuchora wahusika kwenye karatasi angavu za seluloidi, aina ya plastiki inayoonyesha kilicho chini yake, na kuzilaza juu ya mandhari. Kisichosogea hakikuhitaji tena kurudiwa. Mhusika akisimama kuongea, kiwiliwili kinabaki palepale, mdomo ndio unaobadilishwa.

Dhana: vipande vimeletwa na kompyuta, na ni kazi ya wavivu.

Quirino Cristiani alitengeneza filamu ndefu ya katuni kwa vipande vya karatasi ngumu nchini Argentina mwaka 1917. Mjerumani Lotte Reiniger alikata vivuli vyake kwa mkasi, akaunganisha viungo kwa waya na kuvisogeza fremu kwa fremu. Filamu yake ndefu, iliyotoka mwaka 1926, ilimchukua miaka mitatu. Anayeita huo uvivu ajaribu kukata vidole vya mkono mmoja tu.

Dhana: mchore mhusika mzima, kisha mkate vipande.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ukiukata mkono kutoka kwenye picha nzima, nyuma yake linabaki shimo, na mkono ukiinuka shimo linaonekana. Kila kipande kichorwe kikamilifu, pamoja na sehemu itakayofichwa. Kwenye kiwiko, ncha ya mkono wa juu na ncha ya mkono wa chini ziwe duara zenye upana uleule, zilaliane, na kitovu cha mzunguko kiwe katikati ya duara hizo. Kitovu kikihama kidogo tu, mkono ukikunjwa pengo linafunguka. Mstari wa pembeni usipite juu ya kiungo, la sivyo mhusika ataonekana ameshonwa. Kisha panga matabaka: mkono wa mbali chini kabisa, mguu wa mbali, kiwiliwili, mguu wa karibu, kichwa, mkono wa karibu juu. Shingo ina ujanja wake wa zamani: kola na tai ya Yogi Bear, dubu wa katuni wa studio ya Hanna-Barbera, zilifunika mahali kichwa kilipoungana na mwili. Mimi huona huo ni usanifu mzuri kuliko michoro mingi ya kujionyesha.

Dhana: kila herufi inahitaji mdomo wake.

Jicho halioni herufi, linaona midomo. M, b na p zote hufumba. F na v huleta meno juu ya mdomo wa chini. Ongeza a, kisha e na i kwa pamoja, o, na u. Kwa Kiswahili midomo hiyo sita inabeba mazungumzo ya kawaida.

Dhana: lazima ununue programu ghali.

Krita, Synfig, OpenToonz na Blender ni za bure. Hifadhi vipande kwa faili za picha za PNG, kwani zile za JPEG haziwezi kuacha sehemu isiyo na rangi, na kila kipande kitakuja na kisanduku cha rangi nyuma yake.

Dhana: katuni ya vipande haiwezi kuwa hai.

Ukakamavu hutokana na kusogeza vipande vyote kwa pamoja na kwa kasi moja. Mkono wa juu uanze, wa chini ufuate, kiganja kiwe cha mwisho. Mwendo uanze polepole na uishie polepole. Udhaifu halisi uko kwingine: mhusika akigeuka. Uso wa mbele hauwezi kuzungushwa ukawa uso wa upande, kwa hiyo chora kichwa cha pili na ukibadilishe katikati ya kupepesa jicho.