Upungufu wa Vitamini D kwa Mtoto Mwenye Unene Uliokithiri: Dozi, Muda na Uangalifu

Wazazi wengi hushangaa wanapoambiwa kuwa mtoto wao mnene ana upungufu wa vitamini D, kwa kuwa wanamwona anakula vizuri na jua la Pwani yetu huwaka karibu mwaka mzima. Mshangao huo una msingi, ila unasahau jambo moja: vitamini D huyeyuka katika mafuta. Ile inayotengenezwa na ngozi iliyopigwa na jua, pamoja na ile inayotokana na samaki wenye mafuta, kiini cha yai na maini, husambaa katika mafuta ya mwili, na kadiri mafuta hayo yanavyozidi ndivyo inayobaki katika damu inavyopungua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwapa watu wazima wanene na wasio wanene kiwango kilekile cha mionzi kama ile ya jua, na ongezeko la vitamini D katika damu ya wanene likawa pungufu kwa asilimia 57, ingawa ngozi zao zilikuwa na uwezo uleule wa kuitengeneza. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani, na mtoto anayeshinda ndani mbele ya televisheni haupati muda huo.

Watoto wengi hawaoneshi dalili yoyote. Wengine hulalamika maumivu ya miguu na uchovu, na hapo ndipo familia, na wakati mwingine hata sisi watoa huduma, huharakisha kusema kuwa ni uzito tu. Jibu hilo halitoshi. Mtoto wa namna hiyo anastahili kupimwa damu. Wataalamu wengi huhesabu kiwango kilicho chini ya nanogramu 20 kwa mililita kuwa ni upungufu.

Kuhusu tiba, mwongozo wa mwaka 2011 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, ulipendekeza mtoto wa umri wa mwaka 1 hadi 18 mwenye upungufu apewe yuniti 2,000 kila siku, au 50,000 mara moja kwa wiki, kwa wiki 6 au zaidi, na mgonjwa mwenye unene uliokithiri apewe mara 2 hadi 3 ya kiasi hicho. Baada ya hapo hufuata dozi ndogo ya kudumisha kiwango, ambayo nayo huwa kubwa kuliko ya watoto wengine. Daktari huangalia pia kama mtoto anapata kalsiamu ya kutosha, na kama anatumia dawa za kifafa kama fenobabitali, au rifampisini ya kifua kikuu, kwa sababu hizo hupunguza vitamini D mwilini.

Nawasihi wazazi wasizichukue tarakimu hizi wakaenda nazo duka la dawa. Chupa za matone hutofautiana mno: ipo yenye yuniti 400 katika tone moja, na ipo yenye yuniti hizohizo katika mililita nzima. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu, na mtoto huanza kutapika, kupata kiu kali, kukojoa sana na kufunga choo, hata figo zikadhurika.

Vitamini hii haipunguzi unene. Kinyume chake ndicho cha kweli: uzito ukipungua, kiwango chake katika damu huelekea kupanda, ndiyo maana ushauri wa chakula na michezo ya nje huandamana na dawa tangu siku ya kwanza. Damu hupimwa tena baada ya miezi 3 hivi, na siku hiyo mzazi aje na chupa yenyewe anayoitumia nyumbani.