Kifuko cha maji kichwani mwa mtoto: baraza lasema hivi, picha yaonyesha vile

Mtoto kaanguka ukutani Langoni, Lamu, kapelekwa Mombasa kupigwa picha ya kichwa, na jibu limekuja na jambo ambalo hakuna aliyelitafuta: kifuko cha maji kwenye utando wa ubongo, madaktari huita sisti ya araknoidi. Kufikia magharibi, mtaa mzima una la kusema.

"Ni saratani." Siyo. Ndani mna maji yale yale yanayouzunguka ubongo wa kila mtu, na aghalabu mtoto huzaliwa nacho. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2010, wa watoto zaidi ya 11,000 waliopigwa MRI, picha ya ndani ya mwili itumiayo sumaku, kwa sababu mbalimbali, ulikikuta kwa asilimia 2.6.

"Ni jini." Kisomo na kombe, yale maji ya aya ya kunywa, ni imani ya mtu na Mola wake, sina neno. Lakini mtoto akishikwa na degedege, hospitali kwanza.

"Daktari kasema tuangalie tu, basi kashindwa." Hili ndilo linalowachanganya wazazi wengi, hata wakaanza kuchangisha pesa za upasuaji usiohitajika. Kuangalia nako ni kazi: MRI hurudiwa baada ya miezi kadhaa, mtoto mchanga hupimwa mzingo wa kichwa, macho huchunguzwa. Vifuko vingi havikui. Vinavyokua huonekana zaidi kwa walio chini ya miaka 4, ndiyo maana hao hufuatiliwa kwa karibu. Upasuaji una gharama yake mwilini. Mpira unaopeleka maji tumboni, kwa mfano, unaweza kuziba au kuingia vijidudu, mtoto akarudishwa tena mezani. Na si kila kichwa kinachouma kimeumizwa na kifuko. Huenda mtoto anahitaji miwani.

Cha kutongojea tarehe ya kliniki ni kutapika kila asubuhi, utosi kutuna, kichwa kukua haraka, kifafa, au usingizi mzito usioeleweka. Kwa anayeishi kisiwani, boti ya Mokowe na barabara ndefu huongeza saa, basi anza na hospitali iliyo karibu.

"Asicheze tena." Wengi hucheza kandanda kama wenzao. Ni nadra, ila pigo kali laweza kuleta damu kwenye kifuko, kwa hiyo ndondi na kujirusha kichwa chini gatini ni vya kumuuliza daktari.

Na ile CD ya picha usiiachie watoto wachezee: bila ya zamani, ya mwakani haina cha kulinganishwa nacho.