Daftari la masaa: vile nilijua kazi gani inanilisha na gani inanila

Niko na karakana ndogo ya useremala hapa Nakuru, upande wa Free Area, mimi na kijana mmoja ninayemfundisha kazi, na karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lile lile. Wengi ni vijana wametoka chuo cha ufundi, wanataka kufungua yao. Wanauliza, fundi, mtu afanye kazi anaipenda ama afanye kazi ya pesa? Miaka sita ya kwanza hata mimi niliamini lazima uchague moja. Leo nataka kueleza vile nilitoka hapo, na nitaweka hesabu zangu hapa wazi kwa sababu bila hesabu hii stori haimsaidii mtu.

Mimi kile napenda ni viti. Viti vya meza ya kulia, vile havina msumari hata mmoja, ulimi wa mbao unaingia kwa tundu unakaza, unagonga na nyundo ya mbao mara mbili tatu na unasikia sauti inabadilika, hapo unajua imekaa na itakaa miaka. Siwezi kueleza raha ya hiyo sauti kwa mtu ambaye hajawahi kuisikia. Kiti kimoja nilikuwa nauza 4,500. Mbao, gundi, msasa na vanishi ilikuwa 1,900, kwa hivyo kichwani nilikuwa najua nimepata 2,600 na nalala vizuri. Lakini mwisho wa mwezi pesa haionekani, na nilikuwa nasingizia landilodi, nasingizia stima, nasingizia wateja wa kulipa pole pole.

Alafu Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma. Walisema siku 90, ikaongezwa, ikaongezwa tena, mpaka Julai 2023 ndio rais alitangaza imeondolewa. Kama unajua Elburgon na Molo unajua hiyo ilimaanisha nini, mji mzima ulikuwa unaishi na mbao, viwanda vya kupasua vikanyamaza. Sisi huku tukaanza kutafuta miti ya mashamba ya watu, mukima, blugamu, saipresi ya mkulima mwenye ako na shida ya karo, na mbao zingine zikawa zinatoka Tanzania. Saipresi niliyozoea kununua ikapanda bei na mimi bado nauza kiti 4,500 kwa sababu naogopa kastoma atakimbia. Hapo ndio nikanunua daftari.

Nilifanya kitu rahisi sana. Kila nikishika kazi naandika saa ya kuanza, nikiiacha naandika saa ya kuacha, na jina la kazi. Hata kama ni dakika ishirini. Miezi mitatu. Na pembeni nikaweka alama nyingine, hii watu huwa hawaifanyi na ndio iliyonisaidia zaidi: kama hiyo kazi ilinipa raha naweka duara, kama ilinichosha roho naweka mstari. Sikuandika vile nadhani naipenda, niliandika vile nimesikia siku hiyo nikiwa nayo mkononi.

Sasa sikia hesabu. Kiti kimoja kilikuwa kinakula masaa 14. Hiyo 2,600, hata ukisahau mbao imepanda, ukigawanya kwa 14 ni kama 185 kwa saa. Sio mbaya, unaweza kusema, lakini karakana yenyewe inakula. Kodi 9,000, stima 3,500, kunoa misumeno na kununua mpya 2,700, usafiri na simu 2,500, leseni ya kaunti na vitu kama hivyo nikigawanya kwa miezi ni 1,500. Jumla 19,200 kila mwezi, niuze nisiuze. Na masaa je? Nilikuwa nafungua siku sita kwa wiki, kama masaa 230 kwa mwezi, lakini daftari likanionyesha nikiwa mezani na mbao mkononi ni masaa 160 pekee. Hayo mengine ni kuzunguka kutafuta mbao, kuongea na wateja, kungoja pikapu. Kwa hivyo 19,200 inabebwa na masaa 160, yaani kila saa ya mezani lazima ilipe 120 kwanza kabla mimi sijaona kitu. 185 toa 120 unabaki na 65. Shilingi sitini na tano kwa saa, kwa mtu amesomea hii kazi na ako na familia. Kibarua wa mjengo alikuwa ananipita na haendi nyumbani na deni ya mbao.

Hapa ndio watu wengi wanakosea na nataka uelewe vizuri. Ukitoa bei ya vifaa kwa bei ya kuuza, kile kimebaki sio faida. Ndani yake kuna mshahara wako, kuna kodi ya karakana, kuna msumeno utakaobadilisha mwezi ujao. Faida ni kile kimebaki baada ya hayo yote kulipwa, ukiwa pia umejilipa kama vile ungemlipa fundi mwingine. Na kama mauzo yako ya mwaka yamepita milioni moja na hayajafika milioni 25, kuna ile kodi ya mauzo ya KRA, mamlaka ya ushuru, tangu Julai 2023 ni asilimia 3, na inakatwa kwa mauzo yote, sio kwa faida. Mtu anayebaki na shilingi kumi kwa kila mia anaona ni tatu tu, kumbe ni karibu theluthi ya kile alikuwa abaki nacho.

Loka za shule, yale madawati ya mwanafunzi mmoja yenye kifuniko, nazo zilikuwa hadithi nyingine kabisa. Loka na kiti chake nauza 3,200, vifaa 1,850, na nikizifanya ishirini pamoja kila moja inachukua masaa matatu. Hiyo ni 450 kwa saa, toa 120, 330. Mara tano ya kiti! Basi 2019 nikafanya kile kila mtu mwenye akili ya pesa angefanya, nikaacha viti. Loka tu, mwaka mzima. Pesa ilikuja, siwezi kudanganya, nililipa madeni. Lakini kurasa zote za daftari zilikuwa na mistari, duara hakuna, na nikaanza kufungua saa tatu badala ya saa mbili, nikawa namkemea kijana bila sababu.

Machi 2020 shule zikafungwa. Nilikuwa na loka 40 zimepangwa hadi kwenye dari, pesa yangu yote imekaa hapo, na mnunuzi wangu ni wa aina moja tu na amefunga geti.

Kile kiliniokoa sikuwa nimekitarajia. Watu walikuwa nyumbani, wakaanza kuona meza inayumba, kiti cha mzee kimevunjika mguu. Shosho mmoja wa Bondeni alinitumia mjukuu wake na kiti cha mvule, cha marehemu mume wake, akaniambia kijana wangu, usinitengenezee kipya, nataka hiki hiki. Nilikaa nacho siku mbili. Ukifungua kiti cha fundi wa zamani unaona vile alifikiria, unaona mahali alikosea na vile alificha, nilikuwa kama nasomeshwa na mtu simjui. Kwa daftari nikaweka duara mbili. Na kwa pesa, ukarabati hautumii mbao nyingi, karibu bei yote ni ya mkono wako, kwa hivyo ukiwa mkweli kwa masaa yako unalipa vizuri kuliko vitu vingi vipya. Mimi sikuwahi kuhesabu ukarabati kama biashara, nilikuwa nafanyia majirani kama msaada.

Hapo ndio nikarudi kwa viti na swali lingine. Sio kama niviache. Nikaangalia hayo masaa 14 yanaenda wapi. Nikapata karibu matano yanaisha kwa kupima na kuchora, kila kiti upya, kama vile sijawahi kutengeneza kiti maishani. Nikakata vibao vya kipimo, kimoja cha mguu wa nyuma, kimoja cha tundu, nikaanza kufanya viti sita kwa pamoja, miguu yote siku moja, matundu yote siku ya pili. Ikashuka hadi masaa 9. Zile sehemu napenda, kukazanisha ulimi na tundu, kupiga randa la mwisho kwa mkono, sikuzigusa. Alafu nikapandisha bei hadi 6,500. Nikapoteza wateja, ndio, wale walikuwa wananunua kwa sababu ni rahisi. Vifaa sasa ni 2,000, inabaki 4,500, gawanya kwa 9 ni 500 kwa saa. Toa 120, ni 380. Kiti kile kile nilichokuwa nasema hakilipi kimepita loka.

Bei mpya ilikuwa na sharti lake lakini. Mtu hawezi kulipa 6,500 alafu kiti kipasuke. Zamani niliwahi kumuuzia mtu meza ya mbao mbichi, miezi mitatu ikajikunja kama chapati, nikarudisha pesa yote. Mbao ya inchi moja ukiikausha kwa hewa inataka kama mwaka, imeinuliwa kutoka chini, vijiti katikati ya kila safu, ncha zimepakwa rangi zisipasuke. Huo mwaka ni pesa yako imelala pale na huwezi kuila. Ndio sababu bado nafanya loka, loka ndio zinalipia mbao inayokauka. Sizipendi na sizichukii, ni kazi ya Januari na nimeipatia nafasi yake. Makochi ndio niliacha kabisa, kila ukurasa ulikuwa mstari, kubishana rangi ya kitambaa na watu wiki mbili, na masaa yake hayakuwa yanalipa pia.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Malipo ya kwanza nusu, bila hiyo sikati mbao, hii nilijifunza 2023 wakati madarasa ya gredi ya saba yalikuwa yanaanza, shule moja ikachukua loka Januari ikanilipa Agosti. Pesa ya karakana iko kwa till yake, ile namba ya malipo ya biashara, ya nyumbani iko kwa simu yangu. Maranda usitupe, wafugaji wa kuku wa Lanet na Bahati wanakuja na magunia yao, na miezi mingine hiyo inalipa stima yote.

Na kuna suala la kukua. Nimeambiwa mara nyingi niajiri mafundi kumi, nichukue tenda kubwa. Nimepiga hiyo hesabu pia. Nikiwa na mafundi kumi mimi nitakuwa mtu wa simu na pikapu, mezani nitakaa labda masaa kumi kwa wiki, na duara zote ziko mezani. Kwa hivyo nimebaki na kijana wangu mmoja tu, anafanya loka vizuri kunishinda, na yeye pia nimempa daftari lake. Juzi nimechungulia nikapata duara zake nyingi ziko kwa kupaka vanishi, kazi ambayo mimi naiwekea mstari tangu mwaka wa kwanza. Kuanzia wiki ijayo vanishi yote ni yake.